Kuosha Lori Bila Kuila Rangi Yake

Lori linalobeba magogo Mgololo, Mufindi, wakati wa mvua hurudi nyumbani na vitu vitatu juu ya rangi yake: udongo mwekundu, unga wa mbao na utomvu wa mipaina. Kila kimoja kina tabia yake na dawa yake, lakini mara nyingi vyote hukutana na ndoo moja, sabuni ya unga na kipande cha godoro. Saa moja baadaye gari linang'aa. Lisogeze mahali ambapo jua la asubuhi litaumulika mlango kwa ubavu, utaona mikwaruzo myembamba isiyohesabika, ikizunguka kufuata njia za mkono uliosugua.

Mwenye gari akiiona mikwaruzo hiyo hununua polishi. Polishi huiondoa kweli, ila kwa kuila rangi yote iliyoizunguka mpaka usawa wa mkwaruzo ufikiwe. Safari inayofuata gari linarudi na tope, linaoshwa vilevile, linakwaruzika vilevile, linapigwa polishi tena. Miaka michache ikipita, kona za milango zinaanza kuonyesha praima na fundi rangi anaitwa. Sisi tunaopaka magari rangi tunayajua malori haya tangu yanapoingia getini. Jua limeyapunguza kiasi, lakini kilichoyamaliza zaidi ni mikono iliyokuwa ikiyatunza.

Kuosha, kupiga polishi na kupaka nta ni kazi tatu tofauti. Kuosha ni kuondoa kilichokaa juu ya rangi. Polishi huondoa sehemu ya rangi yenyewe. Nta huongeza tabaka jipya juu yake, ili jua na mvua vianze na hilo. Mwenye lori anayeosha vizuri huhitaji polishi mara chache sana, na nta mara nyingi. Hapa kwetu naona kinyume chake: polishi kila mwezi, nta haipo kabisa.

Tuanze na unene wa kitu tunachokigombea. Gari lililopakwa rangi kiwandani miaka hii lina praima juu ya bati, kisha rangi, kisha klia, yaani tabaka gumu linaloonyesha kama kioo na ambalo ndilo lenye mng'ao wote. Klia kwa kawaida ina unene wa maikroni 40 hadi 50, na maikroni 1,000 ndizo zinazofanya milimita moja. Unywele wa binadamu una kati ya maikroni 50 na 100. Kwa hiyo kinga yote ya rangi ya lori la mamilioni ya shilingi ni nyembamba kuliko unywele mmoja, na humo ndimo zilimo kemikali zinazozuia mionzi mikali ya jua isifike chini. Ukiipunguza, umepunguza kinga pia, na hairudi mpaka gari lipakwe upya.

Malori mengi ya Nyanda za Juu Kusini hayana hata hiyo klia. Lori la kazi la zamani lililoingia nchini likiwa limetumika, hasa jeupe au la bluu isiyo na chengachenga, huenda lilipakwa rangi ya tabaka moja tangu kiwandani. Bodi zinazochomelewa kwenye gereji zetu nyingi hupakwa rangi ya mafuta tu. Kuna pia milango iliyonyooshwa baada ya ajali na kupigwa rangi ya NC, ile inayokauka upesi na kuyeyuka ukiigusa na thina, wakati mlango wa pili bado una rangi ya 2K iliyoiva kwa kemikali yake ya kukazia. Lori moja linaweza kuwa na rangi za aina tatu, na kila moja huitikia dawa kwa namna yake.

Kupima ni rahisi. Chukua kitambaa cheupe, au cheusi kama gari ni jeupe, weka polishi kidogo mno, sugua taratibu mahali pasipoonekana, kwa mfano ndani ya ukingo wa mlango. Kitambaa kikichukua rangi ya gari, hapo hakuna klia, na kila unachokiona kwenye kitambaa ni akiba yako inayotoka. Kisipoichukua, au kikachafuka kijivu tu, klia ipo. Mahali penye wasiwasi wa NC, gusa sehemu iliyofichika kwa pamba yenye tone la thina. Rangi ya NC italainika na kunata mara moja, na hapo ujue kwamba thina na petroli zisikaribie kabisa sehemu hiyo.

Jambo jingine linalosahaulika Mufindi ni jua. Kwa sababu hewa ni ya baridi, watu hudhani jua linaloharibu rangi ni la Dar es Salaam na Dodoma. Sehemu kubwa ya nyanda za Mufindi iko juu ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na mionzi inayobabua rangi huongezeka kwa takriban asilimia 10 kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa kuwa hewa iliyobaki juu yako ya kuichuja ni kidogo. Ubaridi wa mkono haupimi mionzi. Ndiyo maana paa la kabini, mahali asipofika mtu kulitazama, huwa la kwanza kupauka na kuacha unga mweupe kidoleni. Unga huo ni chembe za rangi zilizopoteza gundi iliyokuwa ikizishika pamoja.

Sasa kuosha. Udongo wenyewe, ule laini mwekundu, si adui mkubwa. Wekundu wake unatokana na kutu ya chuma iliyomo ndani yake, na ukilowa vizuri hulainika na kuteleza. Hatari iko kwenye punje za mchanga zilizochanganyika humo. Mchanga mwingi ni madini ya kwazi, ambayo ni magumu kuliko kioo, sembuse klia. Punje moja ikinaswa chini ya kipande cha godoro na kuburutwa mlangoni, inachora kutoka mwanzo wa safari ya mkono hadi mwisho. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ya kuosha gari la msituni ni kwamba maji yafanye kazi kabla ya mkono. Mwagia gari zima, liache dakika kumi, mwagia tena. Kama tope limekauka kwa siku mbili, rudia mara ya tatu. Usiguse kitu mpaka maji yanayodondoka chini yaanze kupungua wekundu. Uvumilivu wa hatua hii moja una faida kuliko sabuni yoyote ya bei ghali.

Lakini kabla ya maji, sogeza mkono karibu na dramu za matairi na bomba la moshi, bila kuvigusa, uhisi joto lake. Gari lililoteremka milima likiwa na mzigo lina dramu za moto mkali, na maji ya Mufindi ya asubuhi ya Julai ni baridi kiasi cha kuuma vidole. Chuma cha kalibu kikipata mabadiliko hayo ghafla kinaweza kupasuka, na ufa wa dramu hauonekani kwa macho ya haraka. Ni vivyo hivyo kwa tabo na bomba linalotoka nayo. Liache gari lipoe kwanza, hata kama ni kusubiri mpaka mtu amalize chai na kupumzika.

Anza na sehemu chafu zaidi: chasisi, matairi, madigadi na ngazi za kupandia. Wengine huanza na kabini kwa kuwa ndiyo sura ya gari, kisha wakienda kwenye madigadi tope linarukia mlango uliokwisha kuwa safi, nao wanaufuta kwa kitambaa kilekile cha chini. Chini kuwe na ndoo yake na burashi yake, visihamie juu kamwe. Ukimaliza huko, suuza, ndipo upande kwenye paa la kabini na kushuka nalo taratibu, paa, kioo, milango, bampa.

Kwa kabini tumia ndoo mbili. Ya kwanza ina maji ya sabuni, ya pili maji matupu. Kitambaa kikitoka kwenye gari kiende kwanza kwenye maji matupu, kikung'utwe mchanga uzame chini, kikamuliwe, ndipo kirudi kwenye sabuni. Watu wakiniuliza kitu kimoja cha kubadilisha bila kutumia hela, huwaambia hiki. Kipande cha godoro ni kibaya kwa sababu matundu yake huhifadhi mchanga na hayauachii. Kitambaa cha maikrofaiba ni bora, kwa kuwa nyuzi zake huinua chembe kutoka usoni mwa rangi, na sasa kinapatikana hata Mafinga. Kikikosekana, taulo nene la pamba la mtumba linafaa sana, mradi ukate pindo lake, maana uzi wa pindo ni mgumu. Fulana za mitumba ziangaliwe vifungo, zipu na maandishi ya kubandika. Vuta mkono kwa mstari mnyofu kutoka mbele kwenda nyuma, kwani mkwaruzo mnyofu ukitokea huonekana kidogo kuliko wa mviringo.

Kuhusu sabuni, ile ya unga ya kufulia imetengenezwa kung'oa mafuta kwenye nguo na ina ukali wa magadi. Itang'oa nta yako yote kwa mara moja, na ikikauka juani huacha madoa. Sabuni ya maji inayotengenezwa majumbani, ambayo kina mama wengi wa vikundi vya ujasiriamali wanaitengeneza kwa salfoniki na magadi, inaweza kuwa nzuri kabisa au mbaya kabisa, kutegemea kama mtengenezaji alisawazisha tindikali na magadi. Muulize kama anapima kwa karatasi ya pH. Ikiwa kati ya 6 na 8 kwenye kipimo hicho, inafaa kwa gari. Kwenye tanki la mafuta na rimu za aluminiamu usitumie kabisa mchanganyiko wowote wenye kostiki, kwa sababu kostiki huyeyusha aluminiamu na kuiacha nyeusi yenye vishimo.

Maji ya kuoshea yanapoishia ni sehemu ya kazi hii. Ni kawaida kuona gari limeingizwa kwenye kivuko cha mto, magurudumu majini, watu wanasugua. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kibinadamu zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito. Zaidi ya sheria, vijito vinavyotelemka mabonde ya mashariki ya Mufindi vinakwenda Kilombero, na kutoka huko Rufiji, na kabla ya kufika mbali kuna mtu anachota ndoo ya kupikia. Osha nyumbani, juu ya nyasi au changarawe, mbali na kisima, maji yanywee ardhini polepole. Ndoo mbili tatu zinatosha kwa kabini kama umelowesha vizuri.

Hapa niseme juu ya desturi ninayoichukia kwa dhati, ya kupulizia chasisi oili chafu iliyochanganywa na dizeli ili iwe nyeusi na kung'aa. Kwa siku mbili chasisi inapendeza. Kisha vumbi la barabara linanasa humo na kuwa ukoko unaotunza unyevu juu ya chuma, jambo lilelile ulilotaka kulizuia. Mafuta hayo huvimbisha na kulainisha bushi za raba, huingia kwenye mipira ya upepo wa breki, na yakidondokea ndani ya dramu, breki ya gurudumu hilo inapungua nguvu. Oili iliyotumika pia imebeba chembe za metali na masizi ya injini, na kijana anayeipulizia kwa kompresa bila kujifunika mdomo anaivuta kifuani. Chasisi ioshwe, ikauke, palipotoka rangi papigwe msasa, praima na rangi. Ni kazi ya Jumapili moja na inadumu.

Utomvu wa mipaina una darasa lake. Misitu inayozunguka eneo hili, ukiwemo ule wa Sao Hill ambao ni shamba kubwa kuliko yote ya miti ya kupandwa nchini, imejaa mipaina, na gogo bichi hutoa utomvu popote lilipokatwa. Tone likidondokea kabini huwa laini siku ya kwanza, gumu wiki ya pili, na baada ya hapo hujishikiza kwenye rangi kiasi kwamba ukilikwangua linaweza kuondoka na rangi. Maji na sabuni havilifanyi kitu, kwa sababu utomvu hauyeyuki majini. Unayeyuka kwenye mafuta. Anza na dawa ya jikoni: mafuta ya alizeti. Lowesha kipande cha pamba, kiweke juu ya tone dakika kumi au kumi na tano, kisha futa bila kukandamiza. Ukibaki, tumia mafuta ya taa kwa namna hiyohiyo, au tapentaini inayouzwa kwenye maduka ya rangi. Tapentaini halisi hutokana na utomvu huohuo wa mipaina uliochemshwa, ndiyo maana inaujua vizuri. Jaribu kwanza mahali pa siri, usiiache ikae, na umalize kwa maji ya sabuni ili ule utelezi uondoke. Thina na petroli vibaki kwenye makopo yake.

Unga wa mbao nao usidharauliwe. Ukijikusanya kwenye kona za bodi na nyuma ya kabini hufyonza maji na kukaa na unyevu kwa wiki nzima, na hapo ndipo kutu inapoanzia. Majivu ya moto wa kusafisha mashamba, yanayopeperuka kuanzia Agosti hadi mvua za kwanza, yakilowa na umande hutoa magadi, yaleyale waliyoyatumia wazee kulainishia mboga. Yakiachwa juu ya bati siku kadhaa huacha alama. Yamwagie maji mengi kabla hujayagusa.

Gari likisharudi kuwa safi, likaushe kwa kitambaa kikavu badala ya kuliacha juani. Sasa fanya jaribio la vidole. Vaa glavu nyembamba ya plastiki, au tumia nailoni ya mkate, na pitisha vidole juu ya mlango. Plastiki humfanya mtu ahisi hata chembe ndogo sana. Ukihisi vipele, bado kuna uchafu ulionasa: utomvu, vumbi la chuma kutoka breki, lami. Hivyo viondolewe kwa mafuta au kwa ule udongo maalumu wa kusafishia rangi ukiupata, ukiutelezesha juu ya maji ya sabuni. Usiweke polishi juu ya vipele. Utakuwa unasaga mchanga kwa mkono wako mwenyewe.

Je, gari linahitaji polishi? Mara nyingi jibu ni hapana. Lione tena katika jua la ubavu. Kama rangi ina kina na mng'ao, na mikwaruzo ni ya kutafutwa kwa macho, ruka hatua hii uende kwenye nta. Kama imepauka, au imejaa ukungu ambao hautoki kwa kuosha, piga polishi sehemu hizo tu. Kopo la kompaundi ya kukata, ile nzito yenye chembechembe, ni la kasoro kubwa zisizotoka kwa polishi laini. Kwa mng'ao wa kawaida chukua polishi laini. Anza siku zote na iliyo laini zaidi, uone imefanya nini, ndipo upande ukihitaji.

Paka kiasi cha punje ya harage kwenye eneo lisilozidi nusu mita kwa nusu mita, kivulini, bati likiwa baridi. Sugua kwa nguvu ya wastani, pita mara kadhaa, futa, tazama. Kona, mikunjo ya milango na kingo za bampa zina rangi nyembamba kuliko sehemu bapa, kwa kuwa rangi ikiwa mbichi hukimbia kutoka kwenye ncha. Fundi mwangalifu hubandika utepe wa karatasi wenye gundi juu ya kingo hizo kabla ya kuanza, hasa akitumia mashine. Mashine ya kuzunguka ikisimama mahali pamoja kwa sekunde chache huchemsha rangi na kuifikia praima. Asiyeizoea ajifunzie kwenye mlango mbovu wa gereji.

Kuna sehemu mbili ambazo polishi isiguse. Ya kwanza ni reflekta. Chembe za polishi huififisha ile sura yake inayorudisha mwanga, na katika ukungu wa Mufindi au usiku wa mlima Kitonga, reflekta iliyofifia ina maana kwamba anayekuja nyuma yako hakuoni. Hizo ni za sabuni, maji na kitambaa laini, kila siku ya kuosha bila kukosa, pamoja na taa na namba. Ya pili ni maandishi. Malori yetu mengi yana jina la mtoto, dua au msemo ulioandikwa kwa brashi na mchoraji wa mtaani juu ya kioo au bampa. Yaliandikwa kwa rangi ya mafuta, hayana klia, na polishi itayafuta herufi kwa herufi. Yazungukie. Nta inaweza kupita juu yake kwa upole.

Mazoea ya kupiga polishi kila mara yana historia ya kueleweka. Mwaka 1923 kampuni ya DuPont ya Marekani ilileta rangi ya nitroselulosi iliyoitwa Duco, nayo General Motors ikaanza kuipulizia magari yake. Kabla ya hapo gari lilisubiri wiki kadhaa vanishi ikauke. Rangi ile mpya ilikauka haraka, lakini ilikuwa laini na ilipauka upesi, ikalazimu kusuguliwa mara kwa mara ili irudishe mng'ao. Ilipakwa kwa matabaka mengi, kwa hiyo kulikuwa na cha kusugua. Madereva wakafundishana hivyo, baba kwa mwana, hadi leo. Rangi ya NC ya gereji zetu ni ya ukoo huo. Rangi za klia ni ngumu zaidi, hazihitaji kusuguliwa hivyo, na wala hazina unene wa kuhimili.

Nta ndiyo kazi ninayotaka uipende. Inayouzwa kwenye makopo madukani mara nyingi ina kiasi fulani cha kanauba, nta inayopatikana kwenye majani ya mti wa porini wa jamii ya mnazi wa kaskazini mashariki mwa Brazili. Mti huo hujipaka nta ili ukame usimalize maji yake. Kanauba huyeyuka kwenye nyuzi joto 82 hadi 86 za Selsiasi. Watu wa Mufindi, wenye mizinga misituni, huniuliza kwa nini wasitumie nta ya nyuki, ambayo wanayo. Nta ya nyuki huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 65, na bati jeusi juani linaweza kulifikia joto hilo, hivyo ikiwa peke yake hulainika, hunata na kukamata vumbi. Kwenye mbao za bodi, bawaba na nyuzi za boliti inafaa vizuri. Kwenye kabini tumia ya kopo, au kinga ya kisasa ya maji ya kupulizia ambayo hudumu zaidi.

Paka nta nyembamba. Hapa ndipo karibu kila mtu anapoharibu kopo, akidhani wingi ni ulinzi. Kinachoshika kwenye rangi ni tabaka dogo tu, kinachozidi utakifuta chote na kukitupa. Kitambaa kiwe na nta kidogo, kipite kote, iache mpaka ifanye ukungu mweupe na kidole kikipita kiache alama safi, kisha futa kwa kitambaa kingine kikavu na ukigeuze mara kwa mara. Mwezi wa Juni na Julai Mufindi, usianze saa moja asubuhi. Ukungu huacha maji yasiyoonekana juu ya bati na nta haishiki juu ya maji. Subiri mpaka saa nne, na utegemee ichukue muda mrefu zaidi kukauka kuliko maelekezo ya kopo yaliyoandikwa kwa nchi za joto. Ukiwa na mpango wa kupaka rangi upya karibuni, epuka bidhaa zenye silikoni, kwa sababu rangi mpya juu yake hufumuka vitobo vidogo vinavyomtesa fundi.

Ndani ya bodi nta haisaidii, maji ndiyo yanayosaidia. Malori ya Mgololo hushusha magogo au karatasi na kurudi na chochote kinacholipa: mbolea, saruji ya Songwe, viazi. Mbolea kwa kawaida ni chumvi, inavuta unyevu hewani, na ikiachwa kwenye maungio ya chuma huila bodi kwa kasi zaidi kuliko mvua yoyote. Mara tu inaposhushwa, fagia, kisha suuza mpaka mitaro ya bodi itoe maji meupe. Saruji kavu ifagiwe kabla ya tone la maji kugusa chochote, kwani ikilowa itaganda.

Ukitumia mashine ya presha, shikilia mdomo wake mbali na sili za hub, rejeta, alteneta, na viungio vya waya. Presha pia huondoa grisi kwenye krosi za propela, kingpini na pini za springi, kwa hiyo kila kuosha kwa nguvu kuishie na kupiga grisi siku ileile, grisi mpya ikisukuma nje maji na ile ya zamani. Kisha washa gari, fungua mitungi ya upepo itoe maji yake, tembea mita mia mbili polepole ukikanyaga breki mara kadhaa mpaka uhisi dramu zimekauka na gari linasimama sawasawa pande zote.

Kwa mwaka wa kazi wa huku, panga nta ya kwanza mwezi wa Oktoba, kabla mvua hazijaanza Novemba, na nyingine Januari au Februari, katikati ya tope. Kati ya hapo, mimina maji kidogo kwenye boneti au mlango. Yakijikusanya matone ya mviringo na kukimbia, nta ipo. Yakilala bapa na kusambaa, imekwisha, na ni wakati wa kurudia.